Jina Ukingoni mwa Nishani

Hester Apollis aliziiba nishani za mumewe Jumanne asubuhi, mumewe alipokwenda kunyolewa. Kuiba ndilo neno alilolitumia yeye mwenyewe baadaye, wala hakutafuta jingine. Alipanda juu ya kiti, akalishusha bati la biskuti kutoka juu ya kabati, akazitoa nishani tatu, akazifunga kwenye leso na kuitia leso ndani ya mkoba. Kisha akalirudisha bati pale pale, kifuniko kikitazama upande ule ule.

Sababu aliiona ni nzuri. Tangu Septemba, serikali ilipotangaza kwamba Simon's Town ni mji wa Wazungu watupu, kila nyumba mtaani ilikuwa ikisubiri zamu ya kuhamishwa upande wa pili wa mlima. Akina Apollis walikuwa wamekwisha pewa namba yao: vyumba viwili, ghorofa ya pili, ngazi za nje. Magoti ya Leonard yalikuwa mabovu. Halafu binti yao Avril akarudi kutoka kazini na habari: yuko mzee mmoja aliyepeleka barua ya kuthibitisha utumishi wake katika jeshi la maji la Waingereza, akapewa nyumba ya chini, ya pembeni, yenye bafu ndani.

"Baba naye si alitumikia?" Avril alisema. "Nishani anazo."

"Mwambie wewe," Hester alijibu. Wote wawili walijua kwamba Leonard hapendi nishani zile zitajwe, sembuse kuonyeshwa watu.

Ndiyo maana akaziiba.

Ofisi ya mfuko wa mabaharia wazee ilikuwa katikati ya Cape Town, ghorofa ya tatu. Hester alikaa kwenye benchi la wasio Wazungu kwa saa moja na nusu, mkoba mapajani, akiwaona waliokuja baada yake wakiitwa kabla yake. Mwishowe akaitwa na mtu mwembamba mwenye mvi, Bwana Thring, ambaye hakumwambia akae.

"Mumeo ni nani?"

"Leonard Apollis, bwana. Alikuwa mhudumu wa meza ya maofisa. Kabla ya vita alikwenda kwenye barafu, kusini kabisa, na meli ya wale wataalamu wa nyangumi. Safari mbili. Kisha akatumikia vitani."

Akaifungua leso. Bwana Thring alizisukuma kando nishani mbili za vita kwa ncha ya kalamu, akaichukua ile ya tatu, ya shaba, yenye utepe mweupe. Akaigeuza ubavu, akachukua kioo cha kukuzia, akaizungusha polepole.

"Unajua kusoma, mama?"

"Najua. Miwani nimeiacha nyumbani."

"Basi nikusomee. Hizi za vita haziandikwi majina, mtu yeyote anaweza kuwa nazo. Hii imechongwa jina ukingoni. C. Fortuin. Mhudumu." Akainua macho. "Fortuin ni nani?"

Hester aliinamia nishani, lakini bila miwani hakuona herufi.

Bwana Thring aliingia chumba cha ndani, akarudi na daftari kubwa. Kidole chake kilishuka kwenye orodha, kikapanda, kikashuka tena. "Hakuna Apollis. Kwenye meli ile hajawahi kuwako Apollis, si safari ya kwanza wala ya pili. Umeitoa wapi hii?"

"Ya mume wangu, bwana. Tangu mwaka arobaini na moja iko nyumbani kwetu."

"Mwizi wa mwaka arobaini na moja ni mwizi vilevile." Aliitia nishani ndani ya bahasha, akaandika maneno mawili matatu juu yake. "Hii inabaki hapa. Mumeo aje mwenyewe Jumatatu, saa nne. Asipokuja, suala hili litakuwa la polisi."

Vijana wawili waliokuwa wakipanga mafaili waligeuka kumtazama. Hester alizifunga nishani mbili zilizobaki. Hakufunga fundo, akashuka ngazi zile zote akiwa ameikunjakunja leso kiganjani kama mtu aliyejikata.

*

Ndani ya treni alijaribu kumkumbuka mume wake, kama mtu anayemtaja kwa polisi. Leonard Apollis, miaka sitini na mmoja. Mtaratibu. Halewi. Hurudisha chenji yote. Walioana mwaka wa thelathini na nane, na katika miaka hiyo thelathini, kila Hester alipomwuliza kule kwenye barafu kukoje, jibu lilikuwa moja.

"Baridi."

"Baridi tu?"

"Baridi tu, Hes."

Alikuwa amelichukulia jibu hilo kuwa ni unyenyekevu, na hata kujivunia kidogo mbele ya majirani ambao waume zao walipiga porojo mpaka mate yakawatoka. Sasa alilitazama upya. Mtu aliyekwenda mwisho wa dunia angekuwa na la kusimulia. Asiye na la kusimulia hakwenda. Na kama hakwenda, miezi ile yote ya mwaka thelathini na tatu na thelathini na nne, ambayo watu wa Simon's Town walisema yuko baharini, alikuwa wapi? Gerezani? Na huyo Fortuin alimfanya nini hata akabaki na kitu chake?

Alipofika nyumbani Leonard alikuwa ameandaa chai, kichwa kimenyolewa vizuri, shingo inanukia poda. Alimvutia kiti akae, alivyozoea kuwavutia maofisa.

"Mjini kulikuwaje?"

"Joto," Hester alisema. "Joto tu."

Alizirudisha zile mbili ndani ya bati Leonard alipotoka kwenda uani. Hakumwambia neno. Angemwuliza vipi juu ya jina bila kueleza kwamba alimwibia? Akaamua kumwangalia kwanza.

Hakungoja sana. Alhamisi, Leonard alikuwa chumbani akifunga vitu vya kuhama. Hester, jikoni, alisikia kifuniko cha bati kikifunguka. Kisha akasikia droo moja ikivutwa. Ya pili. Ya tatu. Alikuwa akikata vitunguu, na hakuacha kukata.

Leonard alitoka, akasimama mlangoni. Hakumtazama mkewe. Alimtazama Avril, aliyekuwa akipiga pasi.

"Yule mchumba wako Desmond, Jumapili aliingia chumbani kwetu?"

Pasi ilisimama. "Kufanya nini?"

"Nimeuliza tu."

"Hujauliza tu, Baba. Kuna nini kimepotea?"

"Hakuna kilichopotea."

"Desmond anafanya kazi! Hana shida na vitu vyenu vya kwenye maboksi!" Avril alikuwa na machozi ya hasira. "Tangu lini tumekuwa watu wa kupekuana?"

Leonard alirudi chumbani, akafunga mlango. Hester aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Neno moja tu lingetosha kumwondolea kijana wa watu lawama. Hakulitamka.

Avril alisogea karibu, akashusha sauti. "Mama, na Baba kila Ijumaa huwa anakwenda wapi?"

"Kalk Bay. Kununua samaki."

"Kwani hapa kwetu samaki wamekwisha? Tunaishi juu ya bandari, Mama. Vituo vinne kwa treni kufuata samaki mmoja?"

Hester alikuwa amemsikia Leonard akitoka kila Ijumaa tangu vita vilipokwisha, na kila Ijumaa alirudi na samaki. Hakuwahi kuwaza zaidi ya samaki.

*

Ijumaa saa tisa Leonard alivaa koti lake la kijivu, akapiga viatu brashi. Viatu, kwa ajili ya kwenda kununua samaki! Hester alimwacha atangulie, akajifunga kitambaa kichwani, akapanda behewa la nyuma.

Kule Kalk Bay Leonard hakugeuka kuelekea gatini. Alivuka barabara, akapanda polepole kwenye majengo ya wavuvi, akishika ukuta kwa sababu ya magoti, akasimama mbele ya mlango wa kijani. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene kidogo, nywele zimechanwa vizuri, alifungua kabla hajabisha. Leonard akafuta viatu vyake kwenye mkeka, kulia, kushoto, kulia. Mlango ukafungwa.

Hester alipanda nyuma yake. Dirisha lilikuwa wazi, pazia jepesi limeshushwa. Alisimama ukutani kama mbea, akasubiri kusikia kicheko, au kitanda.

Alisikia sauti ya mumewe. Aliijua, na hakuijua. Ilikuwa nzito, haina haraka, inapanda na kushuka.

"... Basi ile asubuhi bahari ilikuwa imelala kama maziwa ndani ya bakuli, na barafu imesimama pande zote, si nyeupe, Ouma, watu husema nyeupe. Ya buluu. Ndani kabisa ina buluu kama moto wa gesi. Wataalamu walikuwa mbele na bunduki yao ya kumtia nyangumi alama, kipande cha chuma chenye namba, ili akivuliwa siku moja wajue alikotoka. Cornelius alikuwa akiwapelekea kakao. Anatokea tu mlangoni na birika, nyangumi huyu hapa, ubavuni. Jicho lake moja linamtazama."

"Linamtazama mwanangu," ilisema sauti ya kikongwe.

"Yeye hasa. Kubwa kama sahani ya mezani."

"Na yeye akafanya nini?"

"Aliliweka birika chini, Ouma. Akavua kofia."

Kikongwe alicheka kwa raha, kicheko chembamba. "Ndiye. Ndiye huyo. Nilimlea vizuri."

Hester alisukuma mlango.

Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, na kitandani bibi kizee, huyo aliyeitwa Ouma, mwenye macho yaliyoingia ukungu. Leonard alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yake, mkono wa kikongwe umo mkononi mwake. Yule mwanamke alisimama na kikombe.

"Hes," Leonard alisema.

"Cornelius Fortuin ni nani?"



"Ni kaka yangu," mwanamke alisema. "Mimi naitwa Dulcie. Huyu ni mama yetu. Cornelius tulimzika mwaka wa thelathini na nne."

"Huyo ni nani amekuja, Leonard?" kikongwe aliuliza.

"Mke wangu, Ouma."

"Mkeo! Mbona hujawahi kumleta?" Akapapasa hewani akimtafuta. "Mpe kiti. Anapumua kama amekimbia."

Hester hakukaa. Ouma Fortuin ndiye aliyemwelezea, bila kuficha, kama mtu aliyekwisha kuchoka kuogopa. Mwanawe alikuwa ameandikishwa kwenye meli ile. Wiki moja kabla ya kung'oa nanga akaanza kukohoa damu. Leonard, rafiki yake wa utotoni, alikuwa amefukuzwa kazi kwenye bwalo la maofisa kwa kumjibu luteni mmoja, kitabu chake cha kazi kimetiwa alama mbaya. Alikuwa akibeba makaa. Vitabu vya mabaharia wakati ule havikuwa na picha.

"Mimi ndiye niliyempa kitabu cha Cornelius," kikongwe alisema. "Yeye alikataa mara mbili. Nikamwambia, mshahara tugawane nusu kwa nusu, yangu iwe ya dawa. Kwa wale maofisa, mhudumu ni koti jeupe tu. Nani angemtazama usoni? Mwezi wa tano mwanangu akafa. Tungetangaza, mshahara ungekatika, na huyu angerudi moja kwa moja mahabusu. Tulimzika kimya kimya kwa jina lake la pili. Mimi mwenyewe nilimwosha."

"Na nishani?"

"Ililetwa hapa na tarishi, wakati wa vita. Nikamwambia Leonard, aliyeipata baridi ni wewe, ichukue. Mimi nataka kitu kimoja. Uje uniambie mwanangu aliona nini."

Leonard alikuwa akitazama viatu vyake.

"Anajua kwamba mwanawe hakwenda," Hester alisema, si kwa mtu yeyote.

"Nimekwambia nilimwosha," alisema Ouma Fortuin. "Kujua najua."

*

Kwenye stesheni ya Kalk Bay walikaa benchi moja, mkoba wa Hester katikati yao. Treni ya kwanza ikaja, ikaondoka, hawakupanda.

"Nilidhani una mwanamke," alisema Hester.

"Najua."

"Ningekuwa na nafuu. Mwanamke ningemng'oa nywele." Alicheka kidogo, kisha uso ukambadilika. "Miaka thelathini, Len. Mimi unaniambia 'baridi'. Yule kitandani unampa barafu ya buluu."

"Ningekusimulia, ungewasimulia majirani. Mke gani asiyesimulia? Siku moja mtu angeuliza, Apollis alikwenda na meli gani? Nishani ndani ya bati haisemi. Mdomo husema." Akamgeukia. "Umejuaje jina?"

"Nilizichukua mimi. Jumanne." Akamweleza yote: ofisi, kioo cha kukuzia, bahasha, polisi.

"Nami nikamshuku Desmond," Leonard alisema polepole.

"Nikakuacha umshuku."

Hapo wakawa sawa, na hakuna aliyefurahia. Leonard alisugua magoti yake. Akisema Jumatatu kwamba ndiye aliyekwenda, atakuwa amekiri kutumia kitabu cha mwingine na kula mshahara wa marehemu, na si peke yake, bali pamoja na yule bibi kitandani. Akisema kwamba hakwenda, basi hakwenda.

"Mwenye haki ya kuidai ni Dulcie," alisema. "Yeye ataidai. Mimi nitasema nilimtunzia mama yake."

"Na utasema hujafika kule?"

"Nitasema."

Hester alimtazama kutoka upande. Hata wakati huo, kuna kona ndogo rohoni mwake iliyokuwa ikiuliza: na kama kweli hakufika? Kama buluu ile aliisoma mahali? Aliona haya kwa kuiwaza, lakini aliiwaza.

*

Jumatatu Bwana Thring alimpa Dulcie kiti, kwa kuwa ni jamaa ya mwenye nishani. Leonard na Hester walisimama. Dulcie alikuwa amekuja na cheti chake cha ubatizo na karatasi yenye alama ya kidole gumba ya mama yake.

"Kwa hiyo, Apollis," alisema Bwana Thring. "Miaka ishirini na saba umekaa na nishani ya mtu mwingine."

"Nilimtunzia mama yake, bwana. Nyumba yao ilikuwa ikivuja."

"Mkeo aliniambia ulikwenda kwenye barafu."

"Mke wangu hakuelewa, bwana."

"Hujawahi kwenda?"

Leonard alikuwa amesimama kama wanavyosimama wahudumu, mikono nyuma, kidevu juu kidogo. "Sijawahi, bwana. Mimi nilihudumu mezani nchi kavu, na baadaye vitani."

"Watu wenu hupenda sana kujivika mambo," Bwana Thring alisema, akavuta faili lake. Alitoa picha kubwa, akaiweka mezani mbele ya Dulcie. "Hawa ni mabaharia wa safari ile. Kwa utaratibu lazima nikuulize. Huyu wa nyuma, mwenye sinia. Hapa chini ameandikwa C. Fortuin. Ndiye kaka yako?"

Hester aliinamisha shingo. Miwani safari hii aliivaa. Nyuma ya watu wenye ndevu na makoti ya manyoya, mbele ya ukuta wa barafu, alisimama Leonard. Leonard wa miaka ishirini na sita, masikio yamechomoza chini ya kofia ya sufu, sinia mkononi, taya lile lile la Avril. Hester alishika ukingo wa meza. Alikuwako. Mungu wangu, alikuwako.

Dulcie aliitazama ile sura kwa muda. Aliitazama kama anayeaga.

"Ndiye, bwana," alisema. "Ndiye kaka yangu."

Bwana Thring aliirudisha picha ndani ya faili. Kabla ya kulifunga, macho yake yalikwenda kwa Leonard, yakakaa kwenye masikio yale, yakakaa tena. Hester aliyafuata macho yale. Alijua kwamba ameona. Au hakuona, pengine alikuwa akikumbuka tu kwamba saa ya chai imefika. Mtu yule alifunga faili, akamsukumia Dulcie kitabu.

"Saini hapa. Na wewe Apollis, saini hapo, kwamba huna dai lolote juu ya kitu hiki."

Leonard alisaini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, haukutetemeka.

"Bwana," Hester alisema, "na ile barua? Ya nyumba? Vitani alitumikia kwa jina lake."

"Sisi hatuandiki barua kuhusu mambo ya nyumba," alisema Bwana Thring, na kuinuka.

Nje, kwenye kivuli cha jengo, Dulcie alimnyooshea Leonard bahasha. "Chukua. Nani atajua?"

Leonard hakunyoosha mkono. Hester ndiye aliyeusukuma mkono wa Dulcie urudi.

"Mpelekee mama yako. Akae nayo mkononi." Kisha, kwa sauti kavu zaidi, "Na Ijumaa tutakuja wawili. Nitakaa naye. Lakini siku sita zilizobaki ni zangu."

"Ni zako, dada," Dulcie alisema. "Zilikuwa zako siku zote. Mtusamehe." Akaiweka bahasha ndani ya nguo kifuani, akashika njia ya masoko.

*

Behewa lilikuwa karibu tupu. Walikaa dirishani, uso kwa uso. Nyumba ya ghorofani, ngazi za nje. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa, na hakuna aliyelitaja. Treni ilipoondoka, Hester aliweka mkoba kando.

"Haya," alisema. "Anza."

"Nianzie wapi?"

"Mwanzo."

Leonard alikohoa. Alitazama nje, kuta za nyuma za nyumba zikipita. "Walipofika kwenye barafu ya kwanza," alianza, kwa ile sauti ya Ijumaa, "Cornelius alikuwa—"

"Nani?"

Leonard akageuka kutoka dirishani. "Ni mazoea."

"Sitaki Cornelius. Apumzike salama. Sema mimi."

"Cor—" Alijifuta kinywa. Alijaribu tena, midomo ikatikisika bila neno kutoka. Stesheni moja ikapita, na ya pili. Hester hakumharakisha, wala hakuacha kumtazama, kwani alikuwa hajamaliza kumshuku, na alitaka kuona uso wake utakapokuwa ukisema.

"Mimi," Leonard alisema, "nilikwenda kujificha stoo. Kwenye magunia ya viazi. Nikalia mpaka mpishi akanitoa kwa mkono."

Hilo Ouma Fortuin hakuwa amewahi kusimuliwa. Hester aliliona wazi.

"Uliogopa barafu?"

"Hapana. Barafu ilikuwa nzuri." Alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe. "Ilikuwa imesikika kelele huko juu, watu wote wakiita, njoo uone, njoo uone, wakinitafuta. Wananiita jina lile. Nikafikiri, nikianguka baharini leo, Hes, hakuna hata mmoja ndani ya meli hii atakayejua ni nani amekufa."